Kidole cha Sita cha Mzee wa Kutulo

Ukinipita soko la mifugo hapa Garissa ukaniita Sita, nitaitika, sina la kufanya. Kwetu jina la utani halibishi hodi. Mwenye kilema ataitwa kwa kilema chake, mwenye meno ataitwa kwa meno yake, na mtu aliyejiaibisha mbele ya soko zima siku ya Jumatano ataitwa kwa aibu yake mpaka azikwe. Kabla ya mkasa huu nilikuwa naitwa Mara-Mbili, jina la heshima kiasi chake, kwa sababu kila kitu nahesabu mara mbili: mbuzi mara mbili, chenji mara mbili, vipande vya nyama kwenye sahani yangu na ya mgeni (hapo ni mara tatu). Sasa nimebaki na Sita, na bora mnisikie mimi mwenyewe, kwa sababu mkimsikiliza Eedo Fatuma (shangazi wa soko zima) wa kibanda cha chai atawaongezea chumvi, halafu sukari, halafu atawauzia.

Mimi ni dalali wa mifugo na kazi yangu ni vidole. Muuzaji hataki jirani yake ajue bei, mnunuzi naye hataki, kwa hiyo tunashikana mikono chini ya shuka na bei inasemwa kwa kubana vidole, kimoja maana yake hiki, viwili maana yake kile, nusu ya kidole ina hesabu yake na kiganja kizima kina yake. Midomo inaongea habari za mvua, huku chini vidole vinagombana. Miaka kumi na minane nimeshika mikono ya watu kutoka Mandera mpaka Mwingi, na naweza kukuambia huyu ana shida nyumbani kabla hajafungua mdomo. Kwa ufupi, mkono wa binadamu naujua. Haya maneno nimeyasema mara nyingi kwa sauti kubwa, na ndiyo yaliyokuja kunila.

Nyumbani ninaishi na mama yangu, au nilikuwa naishi naye, tutafika huko. Hooyo hakuzaliwa kwa ajili ya mji. Alikuwa mama wa ngamia upande wa Eldas, na ule ukame mrefu ulipokwisha, kati ya ngamia kumi na tisa tulibaki na vyombo vya maziwa. Kumi na wanane tuliona mizoga yao. Wa kumi na tisa, Adey, jike jeupe mwenye mimba, aliondoka siku ya upepo wa vumbi na kamba yake shingoni, na hatukuona mfupa wake wala unyoya. Huyo alikuwa wa Hooyo mwenyewe, uzao wa jike alilopewa na baba yake siku ya kuolewa. "Sikuona mfupa wake," Hooyo alikuwa akisema, kila mtu alipomwambia ashukuru Mungu na asahau. "Nisahau nini? Sikuona mfupa."

Nikamleta Garissa, nikampa chumba chenye feni. Aliizima akasema inamkumbusha ile siku ya upepo. Na kila Alhamisi alitoa vile vyombo vyake viwili vya maziwa (dhiil, tunaviita, vya kusukwa kwa mizizi, vyenye mkanda wa ngozi) akavifukiza kwa moshi wa kuni zenye harufu nzuri, kama mtu anayejua kwamba kesho asubuhi kuna maziwa ya kukamwa. Hakuna maziwa. Tulikuwa tunanunua ya pakiti. Alivifukiza, akavinusa, akavifunika, akavirudisha ukutani, na nyumba yangu yote ikabaki inanuka kama boma letu la Eldas, mpaka mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, nikirudi kutoka sokoni nasimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia.

Basi. Miaka hii biashara imehamia kwenye simu. Mtu yuko Mandera ana fahali, anampiga picha, anatuma kwenye kundi letu la soko, na mnunuzi wa bara anataka kutuma pesa kabla hajaona hata mkia. Zikaanza kuja picha za mashine. Redioni wanaiita akili unde, sokoni tunasema tu "ya mashine". Wa kwanza kuikamata nilikuwa mimi, na si kwa elimu: kulikuwa na fahali mmoja mzuri mno, amenona msimu ambao hata punda walikuwa wanahema, nikahesabu miguu yake nikapata mitano. Nikahesabu tena. Mitano. Nikamwokoa mnunuzi wangu, na kuanzia siku hiyo nikawa zahanati ya picha. Watu walipanga foleni kibandani kwa Eedo Fatuma: Mara-Mbili, tazama huyu mamba aliyekalia daraja la Tana, ni wa kweli? Mara-Mbili, tazama huyu msichana, mwanangu anataka kumwoa, ananiambia yuko Nairobi, mbona masikio yake hayafanani? Malipo yalikuwa chai na mahamri mawili. Nikawa nanenepa.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kwanza hesabu miguu, halafu masikio, halafu fuata kamba uone inaanzia wapi na inaishia wapi (mashine huwa inasahau kamba katikati). Tazama kivuli. Tazama chapa, maana mashine haijui chapa za watu, itachora kitu kama tangazo la duka. Na kama kuna mtu kwenye picha, hesabu vidole, kwa sababu mashine na vidole hawajawahi kupatana. Nilisema haya kama sheikh anayetoa darasa. Nilikuwa nanyoosha kidole changu juu nikifika hapo kwenye vidole.

Sasa, kosa langu lilianzia kwenye huruma, msije mkadhani ni kiburi peke yake (ingawa kiburi kilikuwepo, nimekihesabu). Nilikuwa nimetangaza habari ya Adey kwenye kundi, jike jeupe, chapa ya mstari wenye duara chini yake kama kijiko, shingoni upande wa kushoto, na sikio la kushoto limekatwa ncha. Zikaja picha. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Niliiamini. Nilikimbia nyumbani nikamwambia Hooyo ameonekana, yuko njiani, aliyempata anaomba tu nauli ya lori. Hooyo alivaa guntiino yake ya zamani, ile nyekundu, akafukiza chombo ingawa haikuwa Alhamisi, akatoa kiti akakaa nje ya geti tangu baada ya swala ya adhuhuri. Kila lori lililopita aliinuka. Macho yake yana ukungu, haoni mbali, kwa hiyo aliinukia sauti tu. Magharibi nikaenda kumwambia lori halipo, na ngamia hayupo, na ile picha, nilipoihesabu sasa, ilikuwa na sikio moja lililoyeyuka. Akasema, "Haya, hooyo." (Kwetu mama na mtoto huitana kwa jina hilohilo moja.) Akaingiza kiti ndani mwenyewe.

Ndipo nikaapa kwamba hakuna picha nyingine itakayofika kwa mama yangu kabla sijaivunja mimi.

Zikaja mbili zaidi, nikazivunja. Halafu, Jumatano moja asubuhi, soko limejaa, ikaja ya nne.

Ilitoka kwa mzee mmoja wa Kutulo, jina lake Mzee Abdullahi, mtu ambaye hakuna aliyemjua, aliyeingizwa kwenye kundi wiki hiyohiyo. Alikuwa amejipiga mwenyewe: uso wake mkubwa mbele, ndevu za hina, mkono mmoja umenyanyuliwa unashika kamba, na nyuma ya bega lake kichwa cha jike jeupe linalotazama kamera kama linaloidharau. Chini akaandika: huyu tumemwokota, nani mwenye chapa hii?

Nitawaambia ukweli, moyo uliruka. Yale macho! Lakini moyo nilikuwa nimeshauchapa mara moja, nikauambia ukae chini, nikaanza kazi. Chapa: kijiko, sawasawa, ila kiko kulia. Sikio: limekatwa, ila la kulia. Nikashuka kwenye mkono. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita.

Nikahesabu tena. Sita.

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili, na mnisikilize vizuri kwa sababu mkasa wote umetoka hapa. Ningeweza kumpigia simu yule mzee. Namba yake ilikuwepo, inang'aa, ningeulizia habari ya mvua, ningeuliza ngamia, dakika tatu. Badala yake nikabonyeza ile alama ya kipaza sauti, mbele ya Eedo Fatuma na wateja wake wote, nikatuma sauti kwa kundi lenye watu mia nne na kumi na mbili, kwa Kiswahili safi ili na wanunuzi wa bara wafaidi:

"Ndugu zangu, assalamu alaikum. Mwenye picha hii aambiwe mashine yake imempa kidole cha bure. Wezi wa siku hizi hata kuhesabu mpaka tano hawajui! Na wewe mzee, kama upo, chapa yetu iko kushoto. Rudi uichore vizuri, halafu ujipunguze kidole, ndipo uje tuongee."

Kibanda kizima kilicheka. Kundi likajaa vikatuni vinavyolia kwa kicheko. Mtu mmoja wa Mandera akaituma kwa makundi mengine mawili. Nikaongezewa hamri la tatu bila kuomba. Baada ya muda mrefu yule mzee akajibu kwa maneno matatu tu: "Nimesikia. Inshallah tutaonana." Nikawaambia watu, oneni, hata mashine zimeanza kusema inshallah. Wakacheka tena.

Jioni Hooyo alikuwa amekwisha kusikia (wanawake wana kundi lao, na lao lina kasi kuliko letu). Alikuwa ameketi mkekani, chombo mapajani.

"Wamesema ameonekana mwingine Kutulo."

"Picha ya uongo, Hooyo. Nimeihesabu."

"Ulimuuliza mwenyewe anamkamua vipi?"

"Mwenyewe hayupo, Hooyo. Ni mashine."

"Ulimuuliza kama anatoa maziwa bila kuimbiwa?"

Adey alikuwa hivyo, usipomwimbia anazuia maziwa yote, unaweza kukaa hapo mpaka jua lizame, na kwa mila yetu mnyama akipotea huulizwi picha, unauliza maswali: chapa gani, sikio gani, tabia gani, na aliyemwokota naye anakuuliza, mpaka majibu yakutane. Hivyo ndivyo wanyama wamekuwa wakirudi nyumbani tangu kabla ya simu kuzaliwa. Mimi nilikuwa sijauliza hata swali moja.

"Kesho nitauliza," nikasema. Kesho yake nikaona aibu kupiga, maana ningeanzaje? Kesho kutwa nikasema ni mashine tu. Hooyo hakuniuliza tena. Alhamisi ile alifukiza chombo kimoja tu, na cha pili akakiacha ukutani, na harufu ya nyumba ikapungua nusu. Mimi ndiye wa kuhesabu, niliona.

Zikapita Jumatano mbili. Ya tatu nilikuwa katikati ya kazi, mkono wangu uko chini ya shuka na mnunuzi mmoja wa Mwingi anaitwa Musyoka, tunabishana kwa vidole juu ya fahali, midomo yetu inasifu hali ya hewa, nikaona mzee amesimama pembeni: kikoi, bakora, mfuko wa plastiki wenye nguo, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Ndevu za hina. Nikasema moyoni, ndevu za hina ziko nyingi.

"Dalali," akasema, "mimi nina mnyama. Nataka bei."

"Karibu, adeer. Mnyama yuko wapi?" (Adeer ni ami, na ami naye hukuita hivyohivyo.)

"Mnyama kwanza tuongee."

Musyoka akaniachia mkono kwa heshima ya mzee. Nikamfunika mzee mkono wake wa kulia kwa shuka langu, kama nilivyofanya mara elfu, nikaushika. Mkono mgumu, mkavu, wa mtu wa kamba. Akaanza kubana kidole chake kimoja kimoja kwenye kiganja changu, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Sita.

Kilikuwa kidogo, kando ya kile cha mwisho, kina kucha na kila kitu, na kilikuwa cha moto. Nikakipapasa tena. Mimi, wallahi, kwa mazoea tu, nikaanza kuhesabu upya kutoka mwanzo, chini ya shuka, nikiomba Mungu safari hii viwe vitano.

"Hesabu mara ya tatu, adeer," mzee akasema. "Sina haraka. Nimekuja siku mbili kwa lori."

"Dalali, vipi?" Musyoka akauliza. "Mbona unatoka jasho? Ni malaria?"

Mzee akaliondoa shuka yeye mwenyewe. Akaunyanyua mkono wake juu, vidole vimetanuka, akaugeuza kulia na kushoto kama mtu anayeonyesha nguo ya kuuza, akasema kwa Kiswahili, na alikisema makusudi, ili wale wa bara wasikie vizuri kama walivyonisikia mimi: "Mimi ni ile mashine ya Kutulo. Hii fidole nilizaliwa nazo. Nani anataka kuhesabu?"

Watu walihesabu! Subhanallah, walikuja kwa foleni. Mchuuzi wa kamba alihesabu, mwenye mbuzi alihesabu, Musyoka alihesabu akasema "Ni kweli, ni sita" kama shahidi mahakamani. Eedo Fatuma alihesabu, akapiga kigelegele, sufuria ya maziwa ikafurika nyuma yake na hakujali. Mtu mmoja akaanza kurekodi, na mimi nimesimama katikati na shuka mkononi kama mpiga ramli aliyefumaniwa.

Mtu mwenye akili angepiga magoti hapo hapo. Lakini mimi ni dalali, na dalali haachi bei ya kwanza. Nikasema, "Sawa, adeer, kidole nimekubali. Kidole ni chako, nisamehe. Lakini chapa? Chapa yetu iko kushoto. Ya kwako iko kulia. Ngamia hawezi kugeuza shingo yake ndani nje."

"Bicha nilijibiga mwenyewe," mzee akasema. "Nilitaka wenye mnyama waone uso wangu. Mtu aliyeshika mnyama wa watu lazima aonyeshe uso."

Sikuelewa. Aliyeelewa ni Eedo Fatuma. "War, wewe Mara-Mbili," akasema, "hebu lete simu ya mzee." Akasimama mbele ya kibanda chake, pale palipoandikwa CHAI MOTO kwa rangi nyekundu, akajipiga selfi kwa ile simu, akarekebisha mtandio kwanza (hata kwenye fedheha yangu hakutaka kutoka vibaya), kisha akazungusha picha kwa watu. CHAI MOTO ilikuwa imegeuka, inasomeka kutoka kulia kama Kiarabu, na hata Kiarabu si Kiarabu. "Simu nyingine zikipiga kwa mbele zinageuza kama kioo," akasema. "Mimi nilidhani unajua. Si wewe ndiye daktari wa picha?"

Soko halikucheka sasa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hawakucheka. Wote walikuwa wanamjua mama yangu, na wote walifanya hesabu ileile kwa wakati mmoja: kulia ni kushoto.

Nilikuwa nimebakiwa na swali moja, na halikuwa langu. Nikauliza kwa Kisomali, kwa sauti ambayo sikuitambua. "Adeer. Anatoa maziwa bila kuimbiwa?"

Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu. "Alizaa kwetu," akasema polepole. "Wiki nzima alitunyima. Tulimfunga, tukambembeleza, tukampa chumvi, akatunyima. Siku moja mke wangu alikuwa anamwimbia mjukuu alale, pale karibu. Mara maziwa yakaja yenyewe." Akatikisa kichwa. "Tangu siku hiyo anaimba kila asubuhi. Sauti yake si nzuri. Ngamia anavumilia."

Sitawaeleza nilifanya nini. Eedo Fatuma atawaeleza. Nitasema tu kwamba shuka lina kazi nyingine zaidi ya bei.

Nilipopata sauti nikamwomba msamaha, nikamwomba ngamia. Kuhusu msamaha alisema alitukanwa kwa sauti, basi aombwe kwa sauti, kwa wale wale mia nne na kumi na mbili. Nikasema je, nikiandika ujumbe mzuri mrefu? (Nilikuwa bado napunguza bei, tazameni.) Akasema sauti. Nikarekodi. Ya kwanza soko lilisema haisikiki. Ya pili Musyoka akasema, "Hujataja kidole." Ya tatu nikataja kidole, chapa, kioo, jina langu na la baba yangu, na mwisho nikasema mwizi hakuwepo isipokuwa mimi niliyemwibia mzee wa watu heshima yake. Hiyo ikapita.

Ngamia, mzee alikataa kumtoa.

"Misimu mitatu nimemtunza," akasema. "Sikumuuza, sikumtia chapa yangu, ndama wake nimemhesabu ni wenu, maziwa tu tumekunywa, na hayo ni halali ya anayetunza. Nimefanya hivyo ili siku mwenyewe akija nisiwe na neno. Wewe umeikana chapa mbele ya watu wote. Umesema si yenu. Sasa mimi nitamkabidhi vipi mtu aliyekana? Mwenye ngamia aje mwenyewe."

"Mwenye ngamia ni mama yangu, adeer. Ni mzee. Macho yake hayaoni. Kutulo ni mbali."

"Mimi nimefika," akasema. "Na mimi si kijana."

Nikaenda nyumbani na mzee nyuma yangu na nusu ya soko nyuma yake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nimeyapanga mara mbili, lakini Hooyo alikuwa mlangoni, na mzee akampa salamu, na kabla sijaanza Hooyo akamuuliza lile swali, na mzee akajibu, na Hooyo akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Kisha akaniambia, bila hasira, na afadhali angenipiga: "Wiki tatu, hooyo. Alikuwa anaimbiwa na mtu mwingine, na wewe ulikuwa unajua namba yake."

Kesho yake asubuhi tulipanda basi la kaskazini, sisi watatu, Hooyo dirishani na chombo kimoja mapajani. Siwezi kusimulia njia yote. Tulipopita Wajir kwenda mbele alikuwa anafungua dirisha na kunusa, akisema hapa pamenyesha, hapa bado, na mimi niliyemwekea feni nikawa natazama miguu yangu.

Tulifika kwa mzee wakati ngamia wanarudi. Sikumwonyesha mtu kitu, nilikuwa nimekoma kuonyesha. Hooyo alishuka, akatembea hatua chache kwenye mchanga, akasimama, akaanza ule wimbo wake. Hakuwa amemaliza mstari wa pili jike jeupe likainua kichwa katikati ya wengine. Likaja. Likamwinamia likamnusa kitambaa cha kichwani, na Hooyo akapandisha mkono shingoni akaitafuta chapa kwa vidole, akaipata, akafuata mstari mpaka kwenye duara.

"Kushoto," akasema. Hakugeuka kunitazama.

Maziwa ya kwanza alimpa Mzee Abdullahi, ndiyo mila. Ya pili mke wake. Mimi nilipata ya tano, baada ya watoto.

Hooyo alisema atakaa siku chache, kwa binti wa dada yake aliyeolewa pale Kutulo. Siku chache zimekuwa msimu, na msimu umekuwa wa pili. Mji hauna malisho ya ngamia, anasema, na mimi nina biashara yangu, nisijisumbue. Macho yako vipi, Hooyo? Macho hayana kazi hapa, anasema, kila kitu kina sauti. Nampigia kila Ijumaa. Huwa ana haraka.

Mimi zahanati nimeifunga. Mtu akiniletea picha namwambia mpigie mwenyewe, muulize habari ya mvua, muulize mnyama anapenda nini na anachukia nini, sikiliza anavyojibu, halafu ndipo uhesabu miguu. Wananiambia, sawa, Sita, lakini wewe unaonaje? Nasema mimi sioni kitu.

Alhamisi nikirudi nyumbani nakishusha kile chombo cha pili alichoniachia, nakifukiza mwenyewe. Nilichoma mkanda wake mara ya kwanza. Sasa nimezoea. Nakifunika, nakirudisha ukutani, halafu natoka nje nisimame mlangoni kidogo ndipo niingie tena.

Na mara mojamoja Mzee Abdullahi ananitumia picha ya Hooyo na Adey, amejipiga nao, kwa ile simu yake, na bado inageuza. Chapa inakaa kulia, na Hooyo upande usio wake. Basi naenda kwenye lori lolote lililoegeshwa sokoni, nainua simu mbele ya kioo chake cha pembeni, na hapo kila mtu anarudi mahali pake: chapa kushoto, mama yangu na mkono wake shingoni kwa ngamia, na juu ya simu, kwenye kioo hichohicho, uso wangu. Mzee hachukii nikimfunika kwa kidole gumba. Tunabaki watatu. Nimehesabu mara mbili.